Liana za Misitu ya Pwani: Anzieni Chini

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Wengi wenu mmekunywa juisi ya mabungo, na wengine mmecheza bao kwa komwe. Basi liana mnazijua tayari, kwani mbungo na mkomwe ni mimea itambaayo yenye shina gumu kama la mti. Katika misitu mingi ya tropiki, liana ni takriban robo ya mashina na ya spishi za mimea yote yenye shina gumu. Kisiwani Barro Colorado, Panama, ndani ya hekta 50 tu za utafiti, zimepatikana spishi 162 za liana.

Kazi ni kuzitambua. Maua yako juu, mita 20 au 30, yamechanganyika na majani ya mti uliobebeshwa mzigo. Wanafunzi hutazama juu mpaka shingo zinakakamaa. Mimi nawaambia: anzieni pale mkono unapofika.

Tazameni kwanza inapandaje. Mwanasayansi Charles Darwin alizipanga hivyo tangu 1865, na mpango wake bado unafaa. Ipo inayojizungusha shina zima. Liana nyingi za jenasi Strychnos zina vikono vifupi vinene vilivyojikunja, na jani lake lina mishipa mikuu mitatu au mitano inayoanzia karibu na kikonyo. Zile za jenasi Artabotrys hujishikiza kwa kikonyo cha ua kilichogeuka kulabu. Mkomwe una miiba iliyopinda hadi kwenye uti wa jani. Aliyewahi kupita hapo shati lake linajua.

Kisha kwangueni gome kidogo, msikate shina. Likinukia manukato, na majani yanapishana kwa safu mbili, fikirieni jamii ya mtopetope. Ukitoka utomvu mweupe unaonata, na majani yanatazamana, mko kwa akina mbungo. Hapa msiwe na haraka, kwani mtoria nao hutoa utomvu huohuo, ule watoto wanaotegea ndege kwa ulimbo. Mbungo, Saba comorensis, una jani kubwa na pana. Mtoria, Landolphia kirkii, jani lake ni dogo, jembamba zaidi, lenye mishipa mingi myembamba inayokwenda sambamba. Jina hilo la kirkii linatokana na John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, enzi ambazo mpira wa mtoria ulikuwa bidhaa ya kusafirishwa ng'ambo.

Mkikuta kipande kilichokwisha kukatwa, someni uso wake. Liana nyingi za jamii ya Menispermaceae zina miduara juu ya miduara; Strychnos ina madoa yaliyotawanyika ndani ya mbao; zile za jamii ya Bignoniaceae za Amerika huonyesha msalaba. Kwangu mimi, hiki ndicho kitambulisho kizuri kuliko vyote, na ndicho wengi hukipita bila kukitazama.

Majani yasiwaponze: ya kivulini na ya juani hutofautiana hata kwenye mmea mmoja. Okoteni na yaliyoanguka, pamoja na matunda.

La mwisho ni kupima. Unene wa shina hupimwa sentimita 130 kutoka mizizini, mkifuata shina lenyewe, kwa sababu liana hulala chini kabla ya kuinuka. Ikigusa udongo hutoa mizizi mipya, na mashina matatu mnayoyaona yakaja kuwa mmea mmoja. Lifuateni kwa mkono kabla ya kuandika namba.

Haya, maswali.