Baiskeli ya Zamani Isipokuingia Moyoni

SEFU: Haya wasikilizaji karibuni tena, mimi Sefu, niko na Da Zuhura hapa hapa Tanga, na leo ni baiskeli tu. Nina Raleigh ya kizamani, ile ndefu nyeusi, gia tatu, breki za fimbo, nimeinunua kwa mzee mmoja kule Ngamiani kabla ya masika, na Da Zuhura nakwambia ukweli haijaniingia moyoni. Nikiitazama imeegeshwa naiona nzuri kweli, nikiipanda hamu inaisha.

ZUHURA: Karibuni jamani. Haya Sefu, kinachokuudhi ni nini hasa? Kitaje kimoja kimoja.

SEFU: Nzito. Halafu nikikanyaga upande wa kushoto kuna kitu kinafanya tok, tok, kila mzunguko. Gia ya tatu inaingia ikijisikia. Na ile siti ya ngozi, nikifika kazini kiuno chote kimekakamaa.

ZUHURA: Basi hapo umetaja vitu vinne na vitatu si vya baiskeli yenyewe, ni vya miaka aliyokaa nayo mtu bila kuigusa. Mimi hili naliamini kabisa, watu wengi wanaozikataa hizi baiskeli hawajawahi kuipanda baiskeli yenyewe, wamepanda ubovu uliorundikana juu yake. Hiyo tok ni kotapini, kale kachuma kanakoshika krenki, ule mkono wa pedeli, kwenye ekseli. Kamelika, krenki inacheza kidogo, mguu unasikia. Unaweka mpya, ila mwambie fundi kabla hajagonga nyundo aikingie krenki kwa chini, aweke bomba la chuma limesimama sakafuni, asipofanya hivyo kila pigo linakwenda kwenye gololi na bakuli zake na unarudi na ugonjwa mwingine.

SEFU: Fundi wangu anagonga tu juu kwa juu.

ZUHURA: Mwambie kwa adabu, atakuelewa. Haya gia. Hiyo habu yako ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu chenye gia ndani yake, ni ya Sturmey-Archer, sivyo?

SEFU: Ndiyo, nimeifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa ikatokea AW, halafu pembeni 58 na 3.

ZUHURA: Basi habu yako imetengenezwa Machi 1958! Walikuwa wanagonga mwaka na mwezi pale kwenye chuma. Hiyo AW, ndiyo aina ya habu yako, walianza kuiuza 1936, Nottingham Uingereza, kule kule kwenye kiwanda cha Raleigh, na ikipata mafuta haifi. Sasa fanya hivi, weka kigeuzio cha gia kwenye namba 2, nenda kulia kwa gurudumu, ile nati ndefu ina kitundu ubavuni, chungulia. Utaona kale kafimbo kanakoungana na kamnyororo. Bega la hako kafimbo linatakiwa liwe sawasawa na mwisho wa ekseli, lisitokeze lisizame. Unazungusha kirekebishio cha waya kwa vidole tu mpaka likae, hapo gia zote tatu zimepona. Tafadhali usiache hivyo hivyo, maana kati ya 2 na 3 kuna mahali pedeli zinazunguka bure kabisa, ukiwa umesimama unakanyaga kwa nguvu unaanguka vibaya.

SEFU: Imeshanifanyia hiyo karibu na stendi, moyo ulinienda mbio.

ZUHURA: Pole sana kaka yangu. Basi usiipande mpaka uirekebishe. Na mafuta uweke kwenye kile kitundu chenye kifuniko, kijiko cha chai kimoja, mafuta mepesi ya mashine, sio grisi, na mafuta ya kupikia ndiyo kabisa usithubutu, yanaganda ndani.

SEFU: Siti je? Watu wananiambia niitupe niweke ya sponji.

ZUHURA: Usiitupe! Ngozi ya Brooks ile imetandazwa hewani kati ya chuma cha mbele na cha nyuma, inatakiwa ilegee taratibu ifuate mwili wako wewe. Sasa hivi ina umbo la yule mzee. Ipake mafuta yake ya ngozi kidogo, juu na chini, inyanyue pua kidogo tu, na ikilowa mvua usiikalie mpaka ikauke, ukiikalia mbichi inabonyea moja kwa moja. Ipe muda. Ikishindikana kabisa hapo ndio uitoe, uiweke ndani, usiiuze.

SEFU: Sawa. Sasa uzito, huo huwezi kuutengeneza.

ZUHURA: Hapana, kilo 18, 20, ndivyo ilivyo, chuma kila mahali. Ila nikuulize, sproketi ya nyuma, lile duara la meno linaloshika mnyororo, ina meno mangapi?

SEFU: 18, mbele 46.

ZUHURA: Ndio maana! Hiyo ni nzito mno kwa mtu anayebeba mzigo. Weka ya meno 20 au hata 22, meno yakizidi nyuma kukanyaga kunakuwa kwepesi, inashikwa na kiringi tu pale kwenye habu, kazi ya dakika chache na bei yake ndogo. Ukilinganisha na gia ya pili, ya kwanza inakupunguzia robo nzima, ya tatu inakuongezea theluthi, kwa hiyo ukishaweka 22 hata upepo wa baharini ukikupiga usoni unaelekea Raskazone hutashuka. Watu wanaiacha 18 miaka yote halafu wanalaumu baiskeli.

SEFU: Na breki kwenye mvua?

ZUHURA: Hapo sikudanganyi, ni mbaya. Rimu ya chuma ikilowa inateleza, na breki ya fimbo inavuta kwa ndani ya rimu, kwa hiyo uanze kushika mapema, ushike kidogo kidogo kuikausha. Mvua kubwa ya masika mimi siipandi yangu, natembea nayo.

SEFU: Na tairi nilipata shida, nimenunua namba 28 haikuingia.

ZUHURA: Hizo 28 ziko za aina nyingi. Yako ni 28 mara inchi moja na nusu, ubavuni tafuta 635, ndicho kipenyo kwa milimita pale tairi inapokaa kwenye rimu. Ikiandikwa 622 ni ya baiskeli nyingine, ndogo, haitakaa hata mkisaidiana watu wanne. Bahati nzuri baiskeli za Phoenix za China na Hero za India zinatumia hiyo hiyo 635, ndio maana huku kwetu bado zinapatikana.

SEFU: Kuna kitu kimoja nimekipenda lakini, nikubali. Mashimo. Barabara za Ngamiani kule ndani, zile foki zilivyopinda mbele na gurudumu lile kubwa, inapita inaelea. Na umekaa wima, unamwona kila mtu, unasalimia kila mtu.

ZUHURA: Eeeh, hiyo ndiyo baiskeli yenyewe sasa! Imeundwa kwa mwendo huo, mtu amekaa mgongo umenyooka anakwenda sokoni. Ukiinamia usukani ukaitaka ikimbizane na vijana wa gia 21 mtagombana kila siku.

SEFU: Nilitaka niipake rangi upya, nyekundu.

ZUHURA: Sefu, nakusihi, usiipake. Ile mistari ya dhahabu kwenye madigadi ikishafunikwa rangi ndiyo imeondoka. Ioshe, ipake nta, basi.

SEFU: Imechubuka lakini Da Zuhura.

ZUHURA: Iache na michubuko yake. Jumamosi ilete nyumbani, nina sproketi ya 22, tuanze na kotapini.