Viatu vya Mbuzi Wawili: Mbio za Kwenda Ziwa Bujuku

MASIKA: Wasikilizaji, karibuni tena. Mimi Masika, niko hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, na mwenzangu leo kaingia studioni anachechemea. Kaka Bwambale, pole.

BWAMBALE: Nimeshapoa, dada. Ila usinichekeshe, mbavu nazo zinauma.

MASIKA: Huyu bwana aliamua kwamba Ziwa Bujuku, kule juu milima ya Rwenzori, ambako watu wengi hufika siku ya tatu tangu waondoke Nyakalengija, mwanzo wa njia, yeye ataenda na kurudi kwa siku mbili. Mbio.

BWAMBALE: Nikiwa na mwongozaji. Hilo tuliseme mapema, maana kuna vijana watasikia wapenye peke yao. Hifadhi ya Rwenzori huingii bila mwongozaji. Wangu naye anaitwa Bwambale.

MASIKA: Ataacha kuitwa hivyo? Kwa mnaotusikiliza kutoka mbali: kwetu Wakonzo mvulana wa pili ni Bwambale, binti wa kwanza ni Masika. Ukiita jina hilo sokoni wanageuka watu kumi. Haya, ulikimbia au ulitembea haraka?

BWAMBALE: Mwanzoni nilikimbia. Nyakalengija ni mita 1,600 na kidogo, mwili uko nyumbani. Unapita mashamba, unaingia msituni, Mto Mubuku unanguruma pembeni. Nikajiona mtoto wa Kapchorwa, kule wanakotoka wakimbiaji. Kisha ukaja ule mgongo wa kupanda Nyabitaba, mita 2,651. Pale mikono inashika magoti yenyewe, hujaituma. Na kila nikisimama kuhema, nikigeuka, wajina yuko nyuma yangu, anatembea tu, kavaa gambuti.

MASIKA: Gambuti za kulimia?

BWAMBALE: Hizo hizo. Mimi nimevaa viatu vya meno nilivyoagiza Kampala kwa bei ya mbuzi wawili.

MASIKA: Mama yako anajua habari za hao mbuzi?

BWAMBALE: Tuendelee. Ukishatoka Nyabitaba, mlima unakudhulumu. Umepanda nusu siku, halafu unateremshwa kwa kasi hadi daraja la Kurt Schaffer, pale mito ya Mubuku na Bujuku inapokutana. Mawe yamevaa ukijani, ukikanyaga ni sabuni. Na unajua kabisa kesho utaupanda mteremko huo huo ukiwa hoi. Nililala chali mara mbili. Ndizo hizi mbavu.

MASIKA: Hapo ndipo kwenye mianzi?

BWAMBALE: Mianzi, halafu ile miti yenye ndevu, kila tawi linaning'iniza nyuzi za kijivu zinazodondosha maji hata kama mvua imekata. Tukafika kambi ya John Matte, mita kama 3,400. Saa kumi alasiri. Mimi nikasema twende, ziwa liko karibu. Wajina akaniuliza, "Kichwa kinauma?" Nikasema kidogo. Akavua gambuti, akamwaga maji, akakaa. Mjadala ukaisha.

MASIKA: Alifanya vizuri. Kichwa cha mlimani si cha kutibu kwa ushujaa.

BWAMBALE: Ni kweli, asubuhi kilikuwa kimetulia. Tukaingia Bigo. Sasa dada, Bigo ni kinamasi. Kuna sehemu wametandika njia ya mbao, lakini mahali pengine ni wewe na vishungi vya majani, virefu hadi magotini, vimezungukwa na tope jeusi. Unaruka kutoka kishungi hadi kishungi. Mimi nikaruka, nikasimama kufikiria cha kufuata. Mguu ukazama mpaka pajani. Nilipouvuta, ulitoka na soksi tu.

MASIKA: Mbuzi mmoja kaenda!

BWAMBALE: Wajina alilala kifudifudi kwenye majani, akazamisha mkono hadi begani, akapapasa, akakitoa. Kinatiririka kama chujio. Akanipa, akasema, "Piga katikati, usisimame." Basi. Ukikanyaga pembeni kishungi kinainama kinakumwaga. Ukisimama katikati ukawaza, kinaanza kushuka nawe. Inabidi hatua fupi fupi, jicho liko kwenye kishungi cha tatu, si cha mguuni. Nikamfuata. Tukawa tunakimbia, Masika, kweli tunakimbia, mimi na mtu wa gambuti, mapafu hayana kitu. Siku nzima ya jana nilikuwa nashindana na mlima, kumbe mbio zenyewe ziko kwenye tope.

MASIKA: Na ziwa?

BWAMBALE: Liko kama mita 3,900. Hewa pale haifiki theluthi mbili ya ile ya pwani, ukifunga kamba ya kiatu unahema. Maji meusi, yametulia, na milima mitatu imelizunguka: Stanley, Speke na Baker. Ukungu ulifunguka dakika chache nikaona barafu, ukafunga. Pembeni kuna ile miti minene inayobaki na majani yake makavu shinani, yanalikinga shina na baridi ya usiku. Kwenye ukungu ungedhani wazee wamejifunika mablanketi. Nikakaa nao, nikala rolex, ile chapati ya kuviringishia yai.

MASIKA: Rolex! Huko juu?

BWAMBALE: Ya tangu jana asubuhi. Chapati imekuwa soli, yai halisemi. Sijawahi kula tamu kama ile.

MASIKA: Kurudi?

BWAMBALE: Magoti yaliharibikia kwenye kushuka. Na pale kwenye kipandio cha daraja, natambaa, mpagazi akanipita, kamba ya mzigo kwenye paji la uso, anapiga mluzi. Nikamwambia wasingya, yaani asante kwa Kikonzo, kwa kunipisha. Akacheka, maana mimi ndiye niliyempisha.

MASIKA: Na viatu viko wapi?

BWAMBALE: Juu ya mabati. Siku ya nne leo. Bado vinadondosha.