Spraiti Inayovutwa Kushoto

ZUHURA: Baraka, weka karatasi zako pembeni kwanza. Nimekuja na spraiti, ile picha inayotembea kwenye gemu, isiyotaka kwenda kulia.

BARAKA: Wasikilizaji, karibuni. Huyo ndiye Zuhura wenu, hata salamu hajatoa. Da Zuhura, kwenye karatasi kuna mambo manne tuliyowaahidi watu: mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka, msuguano, mwendo wa mshazari, na kuruka.

ZUHURA: Hamjambo nyote. Tutayafikia. Wiki hii mtoto wa kaka yangu alinijia na kompyuta mkononi. Anaandika gemu kwa Pygame, maktaba ya Python ya kutengenezea gemu: chombo cha angani kinachokwepa mawe. Amejisomea mwenyewe kwamba spraiti isirukie kasi yake yote mara moja: ukishikilia kitufe, kila fremu, yaani kila mara skrini inapochorwa upya, ongeza kasi kidogo, halafu kasi hiyo ndiyo uiongeze kwenye nafasi. Kaandika vizuri kabisa. Mchapuko wake ni 0.2. Sasa akibonyeza kushoto, chombo kinaondoka papo hapo. Akibonyeza kulia kinasita, kama kimefikiria kidogo, ndiyo kinaondoka. Ananiambia, "Shangazi, kibodi imeharibika upande mmoja."

BARAKA: Mkajaribu vitufe vingine?

ZUHURA: Alikuwa ameshajaribu. Kaviweka mpaka kwenye herufi. Kushoto bado kunashinda.

BARAKA: Nafasi ya chombo anaitunza wapi? Usiniambie ndani ya Rect.

ZUHURA: Ndani ya Rect.

BARAKA: Basi nimeuona mchezo mzima. Waeleze watu.

ZUHURA: Rect ni kile kisanduku cha Pygame kinachobeba mahali spraiti ilipo na ukubwa wake. Hakitunzi desimali. Ukikipa 100.5 kinakata nukta na kilicho mbele yake, kinabaki na 100. Hakikadirii, kinakata tu. Sasa chukua chombo kiko 100, kasi ni 0.5 kwenda kulia. Unapata 100.5, inakatwa, 100. Fremu inayofuata tena 100.5, tena 100. Hakiendi kokote, hata ukishikilia kitufe mpaka kesho. Geuza kasi iwe 0.5 kwenda kushoto: 99.5, inakatwa, 99. Halafu 98. Umeomba nusu pikseli, nusu ya kinukta kimoja cha skrini, umepewa pikseli nzima, kila fremu.

BARAKA: Na kwa mchapuko wa 0.2 ndiyo pale penye kusita. Fremu 4 za kwanza kasi ni 0.2, 0.4, 0.6, 0.8. Kulia zote zinaliwa. Kushoto zote 4 zinageuka pikseli nzima nzima.

ZUHURA: Na haliishi kasi ikikua. Kasi ya 2.7 kulia inakuwa 2, kushoto inakuwa 3. Huyu mtoto alikuwa ameanza kuongeza mchapuko wa kulia peke yake ili pande zilingane.

BARAKA: Hapana! Huko ndiko watu wanakopotelea. Unafidia upande mmoja, halafu ukibadilisha kasi ya juu pande zinaachana tena.

ZUHURA: Dawa yake ni fupi. Nafasi itunze mwenyewe, vigeu viwili vya desimali, x na y. Mahesabu yote yafanyike humo. Rect ipewe jibu mwishoni, wakati wa kuchora na kupima migongano, na usirudi kuisoma Rect ili upate nafasi.

BARAKA: Mimi nataka waone na ukingo wa skrini. Kukata huku kunaelekea sifuri. Kwa hiyo spraiti ikiwa kwenye x ya 0, ukaisukuma kushoto kwa 0.5, unapata hasi 0.5, inakatwa, inarudi 0. Upande ule ule uliokuwa unapendelewa sasa umekuwa ukuta. Ikishapita sifuri, mambo yanageuka: huko kwenye hasi, kulia ndiko kunakopendelewa.

ZUHURA: Kwa hiyo siyo kushoto inakopenda.

BARAKA: Inapenda sifuri! Ungehamisha sifuri ikawa katikati ya skrini, kila kitu kingevutwa katikati. Na juu na chini ni hivyo hivyo, maana y nayo inaanza sifuri pale juu. Spraiti yenye kasi ndogo inapanda kirahisi kuliko inavyoshuka. Mtu anadhani mvutano wake wa chini ameuandika vibaya.

ZUHURA: Hilo la juu na chini sikulipima kwenye gemu yake. Nitampigia.

BARAKA: Sasa, hii inatupeleka moja kwa moja kwa Sonic.

ZUHURA: Wasikilizaji, mlijua tu.

BARAKA: Inahusu! Gemu ya Sonic the Hedgehog ya 1991, kwenye Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega. Kichakataji chake, Motorola 68000, hakina hesabu za desimali. Namba nzima tu. Lakini Sonic ana mchapuko wa 0.046875 pikseli kwa kila fremu. Anaupata wapi?

ZUHURA: Waliigawa pikseli.

BARAKA: Waliigawa vipande 256. Mchapuko ni vipande 12. Kumi na mbili juu ya 256, piga hesabu, 0.046875 kamili. Kila kitu kinajumlishwa kwa vipande, skrini inaonyeshwa pikseli nzima tu, na vipande vilivyobaki havitupwi, vinasubiri fremu inayofuata. Ndiyo dawa yako ile ile ya mtoto wa kaka yako, kwenye mashine isiyojua nukta ni nini.

ZUHURA: Hiyo naipenda. Na kasi ya juu akikimbia ni 6.

BARAKA: Ni 6. Sita gawanya kwa 0.046875 ni fremu 128. Kwa fremu 60 kwa sekunde, ni sekunde 2 na ushee tangu amesimama mpaka kasi kamili. Ndiyo maana unamhisi ana uzito. Halafu sikiliza breki: ukibonyeza upande wa pili anapunguza 0.5 kila fremu. Fremu 12 amesimama. Ukiachia tu kitufe bila kubonyeza kinyume, anapunguza 0.046875 ile ile, fremu 128 nyingine.

ZUHURA: Subiri. Rudia.

BARAKA: Nini?

ZUHURA: Mchapuko namba yake. Breki namba yake. Kuachia kitufe namba yake. Kasi ya juu imeandikwa, 6. Umekaa msimu mzima unawaambia watu kasi ya juu isiandikwe, itokane na msuguano. Sonic wako ananiunga mkono mimi.

BARAKA: Aa, tumefika huko. Sawa. Msimamo wangu ni huu: kila fremu zidisha kasi kwa 0.9, kisha ongeza mchapuko, tuseme 0.5. Huna haja ya kuandika kasi ya juu. Itakua mpaka kinachopotea kilingane na kinachoingia: 0.5 gawanya kwa 0.1, ni 5. Inakaribia 5 kwa ulaini, haigongi dari. Mistari miwili tu, na mkono unahisi kuna hewa.

ZUHURA: Na mtoto akisema, "Shangazi, kinateleza mno nikiachia," nafanya nini? Nashusha 0.9 iwe 0.8. Mara kasi ya juu imeshuka kutoka 5 hadi 2.5. Sikuigusa! Narudi kuongeza mchapuko iwe 1, sasa kinaondoka kwa kishindo. Nimeshika kitu kimoja, vitatu vimecheza. Mimi nataka kuachia kitufe nipunguze 0.25 kila fremu: kutoka 5 ni fremu 20, kimesimama kabisa. Chako kwa 0.9 hakisimami kamwe. Baada ya fremu 38 ndiyo kasi inashuka chini ya 0.1, na bado kinatambaa.

BARAKA: Unaweka sharti, ikishuka chini ya 0.1 iwe sifuri. Na umbali wa kuteleza haupishani sana: changu pikseli 45, chako 47.5.

ZUHURA: Umbali karibu sawa, muda karibu mara mbili. Mchezaji anauhisi muda.

BARAKA: Mchezaji anahisi namna kinavyotulia. Chako kinapungua kwa mwendo mmoja halafu tap, kimekufa. Halafu hiyo dari yako: jiwe limelipuka karibu, limekisukuma chombo kwa kasi ya 15. Fremu inayofuata umekata iwe 5. Mlipuko umeliwa!

ZUHURA: Kata nguvu ya kitufe tu. Kasi ikiwa imeshapita 5, kitufe kisiongeze chochote upande huo. Ya mlipuko iache.

BARAKA: Na hiyo 15 itashukaje mpaka 5 huku mtu ameshikilia kitufe?

ZUHURA: Kwa msuguano.

BARAKA: Haya!

ZUHURA: Msuguano wa kutoa, Baraka. Wa kuzidisha sijautaja.

BARAKA: Hata Sonic akiwa hewani, anapokaribia kilele cha mruko, kila fremu anakatwa moja ya 32 ya kasi yake ya mlalo. Huko ni kuzidisha, kwa 0.96875.

ZUHURA: Hewani. Ardhini hamna.

BARAKA: Chombo cha mtoto wa kaka yako kiko wapi? Angani.

ZUHURA: Angani kwenye mawe hakuna hewa! Asteroids ya 1979 uliicheza wewe mwenyewe, unaachia kitufe na chombo kinaendelea kuelea.

BARAKA: Kinaelea, lakini kinapungua. Ukikiacha muda mrefu kinasimama. Bila kupunguza hakichezeki.

ZUHURA: Kwa hiyo tumebaki pale pale. Mimi namfundisha anayeanza namba tatu zinazojitegemea. Akizielewa kila moja kwa jina lake, akaonje kuzidisha baadaye.

BARAKA: Mimi namfundisha mistari miwili aone spraiti ikipata uhai siku ile ile. Namba tatu ataziomba mwenyewe akizihitaji. Hunishawishi.

ZUHURA: Wala wewe. Saa inasemaje?

BARAKA: Imebaki dakika moja na nusu. Kuruka kumekufa. Kompyuta za fremu 144 kwa sekunde nazo zimekufa.

ZUHURA: Hapana, za fremu sema sentensi moja, maana 0.9 yako huko inaharibika.

BARAKA: Haiharibiki. Usizidishe kwa 0.9 tupu. Chukua muda wa fremu kwa sekunde, zidisha kwa 60, jibu liwe kipeo cha 0.9. Kwenye skrini ya 60 inabaki 0.9, kwenye ya 144 inazidishwa mara nyingi zaidi lakini kidogo kidogo, na kwa sekunde nzima upotevu ni ule ule.

ZUHURA: Yangu ni kuzidisha tu kwa muda wa fremu. Hakuna kipeo.

BARAKA: Na mshazari, haraka: ukibonyeza kulia na juu pamoja, mchapuko wa jumla unakuwa 1.41 ya kawaida. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2 kabla hujaongeza kwenye kasi.

ZUHURA: Na dari ipimwe kwenye urefu wa kasi nzima, siyo x peke yake na y peke yake, la sivyo...

BARAKA: Dari gani? Mimi sina dari.

ZUHURA: Baraka, muziki umeshaanza.