Rangi Kabla ya Mkasi

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Nimekuja kuzungumza nanyi walimu wa chekechea juu ya picha za wanyama za kuchapa, zile za mistari mitupu ambazo watoto huzipaka rangi, kisha tukazikata tukapata kadi na barakoa.

Naanza na karatasi, maana kazi nyingi huharibikia hapo. Karatasi ya kawaida ya kopi ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Penseli za rangi inazimudu, lakini rangi ya maji huikunjamanisha, na kadi yake haisimami. Tafuteni manila nyepesi ya gramu 160 hivi; mashine nyingi za kopi huipitisha kwenye trei ya pembeni. Kisha angalieni picha imechapwaje. Printa nyingi za wino hutumia wino wa maji, nao ukiguswa na brashi yenye maji mistari huchuruzika, twiga mzima akageuka kijivu. Mashine ya kopi hutumia poda inayoyeyushwa kwa joto ikashika karatasi, na maji hayaing'oi. Basi chapeni picha moja tu, mkatoe kopi steshenari.

Sasa rangi zenyewe. Hapa mnivumilie, ndipo moyo wangu ulipo.

Mtoto akipewa tembo, sisi huwahi kumwambia: kijivu! Lakini tembo wa Tsavo, kule Kenya, ni wekundu kama tofali, kwa sababu hujimwagia vumbi la udongo mwekundu wa kwao. Mtoto aliyempaka tembo wake rangi nyekundu msimkosoe. Msimulieni habari za Tsavo, mwone uso wake.

Au heroe, yaani flamingo, yule ndege wa rangi ya waridi. Ziwa Natron, hapa kwetu Tanzania, ndiko heroe wa aina ile ndogo wa Afrika Mashariki wanakozaliana. Uwaridi ule hawazaliwi nao. Kifaranga ni wa kijivu, na rangi humjia polepole kutokana na mwani anaokula ziwani. Kadi yenye mama na mwanawe inahitaji penseli mbili, na mtoto wa miaka mitano anaelewa kabisa ukimweleza kwamba ndege huyu anavaa chakula chake.

Pundamilia mimi humfuta milia kabla ya kutoa kopi. Hakuna pundamilia wawili wenye milia inayofanana, kwa nini basi darasa zima lipake milia ya mchoraji mmoja? Waachieni wachore wenyewe. Watoto 30, pundamilia 30. Na weupe usipakwe. Weupe ni karatasi yenyewe, ibaki wazi.

Pakeni kabla ya kukata. Kipande kidogo kilichokwisha kukatwa hakishikiki, na sikio la twiga hung'oka mapema. Penseli ipite kwa wepesi mara mbili tatu, si kukandamiza mara moja, kwani nta ikiwa nene hupasuka mahali pa kukunjia. Pale pa kukunjia tangulieni kupachora kwa rula na kalamu ya wino iliyokauka, ndipo mkunje.

Mezani kwenu kuna heroe wawili, mkubwa na kifaranga. Mikasi nimeiweka huku kwangu kwa makusudi. Chukueni penseli ya kijivu, tuanze na kifaranga.