Barua Zilizochomwa Mara Mbili

Walionisikia mwaka jana wanisamehe, maana narudi palepale kwenye vijiti vya Darwin vya kutungia barua.

Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, pale nyumbani kwake Down, Kent, alikuwa na desturi ambayo mwanawe Francis aliisimulia baadaye. Barua zikimfika, anazitunga kwenye vijiti, na mwenyewe aliviita kwa jina lilelile la vijiti vya kubanikia nyama. Mishikaki, basi! Vikijaa je? Hanunui vingine. Anazichomoa barua za miaka kadhaa, anazitia moto, anaanza kutunga upya. Kiswahili kilishamaliza kazi hapa: kuchoma na kuchoma. Barua moja, imechomwa mara mbili.

Mnacheka, lakini karibu kila barua aliyopokea kabla ya mwaka 1862 hivi ilipotea kwa njia hiyo. Na kitabu chake kikubwa, kile cha asili ya spishi, yaani aina za viumbe, kilitoka 1859! Yaani miaka ya mapishi yenyewe ndiyo tuliyoachiwa majivu.

Kuna mtu hapa anasema moyoni, "Mwalimu, hizo karatasi tu, sayansi iko vitabuni." Haya. Mwaka 1858 mwanasayansi mwenzake, Alfred Russel Wallace, akiwa visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, homa imemkamata, anapata wazo la jinsi spishi zinavyobadilika. Anaandika insha, anamtumia Darwin kutoka Ternate, kisiwa kimojawapo huko. Darwin anamwandikia rafiki yake Lyell, mwanajiolojia, tarehe 18 Juni kwamba imemfika siku hiyohiyo. Tarehe 1 Julai maandishi ya wote wawili yanasomwa mbele ya Linnean Society, chama cha wanasayansi, London. Sasa, ilifika siku hiyo kweli, au ilifika mapema akaikalia ili achote mawazo humo? Watu wamegombana miaka na miaka. Bahasha yenye mihuri ya posta ingewanyamazisha kwa dakika moja. Haipo. Barua haipo, na insha ya mkono haipo. Simwiti Darwin mwizi, ila vijiti navishuku.

Na Wallace je? Mtu wa kulala mashuani, wa mvua na mchwa, ndiye aliyezitunza barua nane za kwanza alizopata kutoka kwa Darwin akiwa huko visiwani, akaziweka kwenye bahasha na kuandika juu yake ni nini. Ziko British Library. Mwenye kabati kachoma, msafiri katunza!

Za Darwin mwenyewe zimeokolewa kwa sehemu kubwa na waliozipokea. Kuzikusanya na kuzihariri, zake na za wenzake, zaidi ya 15,000, kulianza 1974 kukaisha 2022. Juzuu 30. Nilitaka tukae kidogo na ile aliyomwandikia rafiki yake Hooker, mtaalamu wa mimea, Januari 1844, kwamba kusema spishi hubadilika ni kama kukiri mauaji, kisha nije kwenye njiwa aliowafuga, lakini mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya tatu. Njiwa wasubiri chai.

Swali la kwanza, mama pale nyuma.