Arubuni kwanza, mashine baadaye

(Mhadhara kwa vijana wanaojiandaa kufungua biashara za huduma, Chake Chake, Pemba)

Assalamu alaikum.

Waliokwisha kunisikia Wete na Mkoani wanajua nitakapofikia. Nataka arubuni. Kabla hujakodi fremu, kabla hujakopa, kabla hujaagiza mashine kutoka Dar es Salaam, nataka kuona majina ya watu wasiokuwa jamaa zako waliokutolea fedha kwa kazi ambayo bado hujaifanya.

Tuchukue biashara moja tuishike, maana tukirukaruka hatupati kitu. Kuosha mazulia majumbani. Mazulia yapo, hakuna anayependa kuyafua, na likishaloa halibebeki. Wazo limekaa vizuri. Kijana anakwenda kwa majirani: "Nikifungua huduma ya kuosha mazulia, mtaniita?" Wote wanajibu mashaallah, wazo zuri, tutakuunga mkono. Ameuliza watu ishirini, ishirini wamekubali. Anakwenda kukopa.

Hicho ni kilemba cha ukoka, wala waliomvisha hawakusema uwongo. Sisi hatukulelewa kumvunja mtu moyo mlangoni. Kijana amekuja na salamu, ana adabu, mama yake tunamjua. Utamwambia huduma yako sina haja nayo? Humwambii. Unamwombea kheri, na dua ile ni ya kweli. Kosa ni la aliyeuliza, kwa sababu ameuliza swali ambalo jawabu lake halimgharimu mtu kitu.

Uliza yaliyopita. Zulia hili mara ya mwisho limeoshwa lini? Nani aliliosha? Lilikauka kwa siku ngapi? Mlimlipa kiasi gani? Ukiambiwa wameliosha watoto wa nyumba skuli zilipofungwa, kwa sabuni ya unga na mpira wa bomba, basi unashindana na watoto wale, na wao hawalipwi. Ukiambiwa aliitwa mtu akapewa elfu kumi, hapo pana kitu: fedha imeshawahi kutoka kwa kazi hii. Ukiambiwa halijaoshwa tangu linunuliwe, usikimbilie kufurahi. Mtu aliyekaa na uchafu miaka minne bila ya kuutafutia dawa hana haraka ya kukulipa wewe.

Ukishamaliza maswali, taja bei moja na siku moja. "Jumamosi ijayo naosha zulia hapa hapa uani kwako, la futi 9 kwa 12 au dogo zaidi, kwa shilingi 15,000. Nachukua 3,000 leo, zilizobaki likishakauka." Halafu nyamaza. Usiongeze neno, usipunguze bei, usijieleze. Vijana wengi wanaharibu hapa: kimya kinawatisha, wanaanza kusema "lakini si lazima leo". Wameshamfungulia mtu mlango wa kutokea.

Atakayesema ngoja nimuulize baba watoto, mwandike hapana. Atakayesema mwisho wa mwezi, mwandike hapana, na mwisho wa mwezi mrudie; akitoa, ndipo jina lake linapohama. Daftari liwe na safu mbili tu, waliotoa na wasiotoa. Ukianzisha safu ya "huenda", wote watahamia huko na utarudi kwenye mashaallah zako.

Sasa najua kuna anayetaka kuniambia kwamba arubuni ina neno katika fiqhi. Ina neno. Madhehebu yetu ya Shafi hayakubali muuzaji aile arubuni mteja akighairi. Mahanbali ndio walioruhusu. Basi usiile! Mwandikie kwenye risiti: nisipokuja, au ukighairi kabla ya Ijumaa jioni, unarejeshewa 3,000 yako yote. Na uziweke mbali, kwenye bahasha au laini ya simu ya peke yake, usizinunulie hata sabuni, ili akizitaka azipate saa ile ile. Jaribio halipungui chochote. Tunachokipima hapa ni ule mkono unaofungua fundo la kanga. Aliyelifungua mara moja, hata akijua fedha itarudi, amefanya kitu ambacho wale ishirini wa mwanzo hawakukifanya.

Na mwengine atasema, mimi wananiamini, shangazi yangu ametoa, mjomba ametoa. Shangazi amekupa kwa sababu ni shangazi. Mshukuru, mwoshee zulia lake vizuri, lakini jina lake lisiingie kwenye hesabu. Nenda shehia usikojulikana. Nyumba ishirini, katika shehia tatu zisizofanana: moja ya mjini hapa, moja ya pembezoni mwa mji, moja ya shamba kabisa. Mukiweza, nendeni wawili, mwanamke awemo, kwa sababu mchana mwenye kauli juu ya zulia ni mama wa nyumba, na hatozungumza bei na mwanamme mgeni mlangoni.

Wangapi kati ya ishirini wanatosha? Idadi hiyo iandike kabla hujatoka nyumbani, uitie tarehe, umpe mtu akuwekee. Ukiiacha mpaka urudi, wawili watakuwa wengi. Na haitoki kichwani, inatoka kwenye hesabu. Bei hizi ni za mfano, utaweka zako. Unatoza 15,000. Sabuni 1,500, maji na umeme 1,000, usafiri 3,500, msaidizi 3,000. Jumla 9,000, umebaki na 6,000. Mashine unayoitamani, tuseme ni 1,800,000. Gawa kwa 6,000: mazulia 300 ndipo mashine inajilipa, na wewe hujala bado. Ukipata matano kwa wiki, ni wiki 60. Na nyumba inaosha zulia mara ngapi kwa mwaka? Kama ni mara mbili, kabla ya Ramadhani na kabla ya Idi kubwa, unahitaji nyumba 150 zinazorudi ili ulipe deni ndani ya mwaka. Sasa rudi kwenye daftari. Kama katika nyumba ishirini wametoa sita, kupata 150 maana yake ni kugonga milango 500. Inawezekana, kwa miguu na miezi. Wametoa mmoja? Milango 3,000. Hapo huna biashara ya mashine, labda una kazi ya brashi ya msimu.

Kuna wanaonijibu kwa sensa. Sensa ya 2022 imehesabu watu 543,441 Pemba, kwa hiyo nikipata mmoja tu katika kila mia… Huyo mmoja katika mia umemtoa wapi? Hujamgongea mlango.

Waliotoa arubuni, waoshee, na uoshe kwa mkono. Brashi ya nyuzi laini, ndoo mbili, madumu ya maji, sabuni ya maji, kamba, mbao mbili za kutandazia. Yatakayokwenda kombo huku ndiyo yatakayokwenda kombo na mashine, ila huku ni rahisi kuyalipia. Rangi inachuja: kabla ya kumwaga maji, bonyeza kitambaa cheupe kilicholoa kwenye kona kwa dakika kadhaa, kikitoka na wekundu usilioshe, rejesha arubuni. Sabuni inazidi: isiposuuzwa yote inabaki kwenye nyuzi na kunasa vumbi, baada ya wiki mbili zulia ni chafu kuliko mwanzo na mteja anasema hukuosha. Unyevu unabaki chini: juu limekauka, mgongo wake umeloa, linarudishwa sebuleni linanuka. Kwa hiyo ligeuze, jua lipige pande zote mbili, na wakati wa masika usiahidi siku. Andika dakika za kila hatua, hata za kungojea gari. Mara nyingi hapo ndipo 6,000 yako inapogeuka 2,000.

Msione haya kwa brashi. Mwaka 2007 huko San Francisco, vijana wawili, Brian Chesky na Joe Gebbia, walitandika magodoro ya kujaza upepo nyumbani kwao siku za mkutano ambapo hoteli zilijaa, wakatoza dola 80 kwa usiku. Wageni watatu walilala pale. Airbnb, kampuni ya kukodishia wageni nyumba za watu, imetoka kwenye magodoro yale.

Lipo moja la kwetu sisi Wapemba ambalo vitabu vya biashara havitakwambia. Usipime msimu wa karafuu peke yake. Karafuu zikishapelekwa ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, fedha inazunguka, hata aliyeokota mpeta, zile zilizoanguka chini, ana chake, na kila unayemgongea anatoa. Unadhani umepata soko, kumbe umekuta mavuno. Ukifungua kwa nguvu ya miezi ile, karafuu zikiisha utabaki na mashine na mlinzi. Wiki za mwisho za Shaabani ni vivyo hivyo: kila nyumba inatakasa, kila mtu anataka zulia lake lioshwe. Pima mara mbili, mara moja fedha ikiwepo na mara moja ikiwa kavu, na hesabu ya deni uipige kwa ile kavu. Kama kavu haibebi, ifanye kazi ya msimu, bila ya fremu wala mshahara wa kudumu. Si aibu hiyo.

Naona nimeonyeshwa saa, na nilikuwa na mambo ya bei na matangazo. Bei kwa haraka: nyumba kumi zitajie 15,000, kumi zitajie 20,000, katika shehia zisizosikiana, uone tofauti ya waliotoa. Matangazo ya simu yasikushughulishe bado, wanaopenda picha si wanaotoa 3,000. Kusajili jina la biashara utakwenda daftari likishakuwa na walioita mara ya pili bila ya wewe kuwagongea. Hao wa mara ya pili wahesabu peke yao.

Adhana ya adhuhuri haiko mbali. Tukishasali narudi hapa hapa. Mwenye wazo lake aje na bei anayotaka kutoza, gharama zake nne au tano, na bei ya kile kifaa anachotaka kukikopea. Tutagawa pamoja tuone milango mingapi.