Trekta la Umeme na Hewa ya Dar: Maji Yapewe Mlango wa Kutokea

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu wa rika na wadogo zangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kulikinga trekta dogo la umeme, lile la kukatia nyasi na kuvuta tela bustanini, lihimili mvua zetu. Mashine hizi si ngeni duniani. General Electric ya Marekani ilianza kuuza Elec-Trak mwaka 1969, na yale makubwa yalibeba betri sita za volti 6, jumla volti 36; huo ndio mfano tutakaoutumia leo. Ila kulaza mashine kama hiyo uani Kigamboni au Ununio, masika yote, ni habari nyingine.

Mafundi wengi hukimbilia silikoni. Kila upenyo unazibwa, boksi la swichi linafungwa kabisa, mwenye mali analala usingizi. Sasa tazameni kinachotokea. Jua la saa nane linalipiga boksi, hewa ya ndani inatanuka na kujipenyeza nje. Mvua inashuka ghafla, boksi linapoa, hewa iliyobaki inasinyaa, na boksi linavuta pumzi. Kama maji yametuama kwenye mpira wa kifuniko, yananyonywa nayo. Yakishaingia hayana pa kutokea. Mvua inayolipiga trekta juu haina neno sana. Balaa ni maji yaliyofungiwa ndani.

Kwa hiyo toboeni. Sehemu ya chini kabisa ya boksi, tundu la milimita 6 hivi, na kipande cha wavu kuzuia nyigu wasijenge. Waya nao usiingilie juu. Uushushe kwanza chini ya usawa wa tundu lake, ndipo upande kuingia, ili maji yanayoufuata yadondokee pale kwenye pindo.

Halafu kuna chumvi, na hapa naomba tutulie kidogo, maana vitabu vya wenzetu wanaoishi mbali na bahari haviigusi. Mtauziwa swichi iliyoandikwa IP67, alama ya kiwango cha kinga. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji: 7 maana yake imezamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila maji kuingia kiasi cha kuidhuru. Hakuna tarakimu ya chumvi. Na chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, kiwango ambacho asubuhi za Dar hukivuka mara kwa mara. Maana yake kiungo chenye vumbi la chumvi kinaweza kulowa bila tone la mvua.

Bandueni tepu nyeusi kwenye kiungo cha waya kilichokaa pwani. Gundi imegeuka utelezi, shaba imeota unga wa kijani, na weusi umepanda ndani ya waya, chini ya plastiki, mbali na pale ulipokatwa. Tepu imeutunza unyevu. Tumieni waya wa shaba uliopakwa bati, kama wa mashua, na ule mpira unaonywea kwa joto wenye gundi ndani. Silikoni inayonuka siki isikaribie shaba kabisa: harufu ile ni asidi, nayo inakula. Ipo isiyonuka hivyo. Ulizeni kabla ya kulipa.

Boksi la betri lina sheria yake. Betri za asidi zikichajiwa hutoa hidrojeni, na hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kulipua. Hapo hewa lazima ipite, chini na juu, mvua ikingwe kwa paa tu. Paa la turubai juu ya fremu ya bomba linatosha, mradi maji yamwagikie nyuma, mbali na kiti.

Sasa mapambo na nyongeza. Msichukue swichi ya ukutani mkaifunga kwenye trekta. Umeme wa nyumbani, ule wa TANESCO, hugeuka mwelekeo na kupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche ya swichi hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haupiti sifuri. Cheche inaweza kuendelea kuwaka mpaka iyeyushe vidole vya swichi. Swichi na fyuzi ziwe za umeme wa betri, na volti zake ziwe juu ya 36, kwa sababu betri zikiwa kwenye chaji volti hupanda kupita hapo.

Taa za volti 12 ndizo zinazoharibu betri nyingi. Mtu anachukua betri mbili kati ya sita, anapata 12 yake, taa zinawaka vizuri. Zile mbili zinaisha mapema kuliko wenzake, chaja inazihesabu zote sawa, nne zinachajiwa kupita kiasi na mbili hazishibi. Nunueni kigeuzi cha volti 36 kwenda 12, kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, hapa Dar, hamtakosa wa kuwaelekeza, na mkifunge kwenye ncha mbili za mwisho za betri zote, fyuzi ikiwa karibu na betri. Nimekuja na kimoja, kiko hapa mezani pamoja na boksi lililotobolewa. Bisibisi hii hapa. Sogeeni mlifungue, halafu tuanze maswali.